Onyo na Kosa katika Kompaila

Kompaila hutafsiri programu uliyoandika kuwa lugha ya mashine. Ikikuta tatizo, hutoa ujumbe wa aina mbili:

(a) Kosa: kanuni ya lugha imevunjwa, mfano umesahau nukta-mkato. Programu haitengenezwi.
(b) Onyo: kanuni imefuatwa, lakini sentensi inatia shaka. Programu hutengenezwa.

Mfano (lugha ya C):

if (amefaulu = 1) printf("Apewe cheti");

Ishara = huweka 1 ndani ya kigeu; kulinganisha ni ==. Kwa hiyo hata aliyefeli atapewa cheti. Kompaila ya GCC isipopewa swichi yoyote hunyamaza hapa.

Swichi za GCC

-Wall: huwasha maonyo mengi, likiwemo la mfano huu.
-Werror: hugeuza kila onyo lililowashwa kuwa kosa.
-Werror=parentheses: hugeuza onyo la mfano wetu peke yake kuwa kosa.
-Wno-error=unused-variable: ikiwa pamoja na -Werror, onyo la kigeu kisichotumika hubaki onyo.
-w: huzima maonyo yote.

Angalizo: -w haisahihishi chochote. Cheti kitatoka vilevile.

Swali: Kwa nini GCC haigeuzi kila onyo kuwa kosa bila kuamriwa? (Alama 2)

Jibu: Sentensi yenye onyo huenda ikawa sahihi (alama 1). Pia toleo jipya la kompaila huweza kuongeza maonyo, na programu iliyokubaliwa jana ikakataliwa leo (alama 1).