Akiba ya Nyumbani: Kupima Mahindi kwa Chumvi

Mama afunguaye ghala yake mvua zinapochelewa, akakuta majani ya kunde aliyoyakausha na magunia ya mahindi, hushukuru sana. Lakini akiba iliyowekwa ingali na unyevu yaweza kuua. Mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoota ukungu, mengi yao yaliyowekwa nyumbani kabla ya kukauka. Watu 125 wakafa. Sumu ya ukungu huo haiondoki kwa kupikwa.

Jicho na meno hudanganya, basi chupa na itumike. Chukua chupa kavu ya kioo, utie mahindi kiasi cha robo yake, na vijiko vichache vya chumvi iliyoanikwa juani kwanza (chumvi yenye maji haipimi kitu). Ifunge, uitikise dakika chache, kisha uiache itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yangali mabichi. Yaanikwe tena juu ya mkeka au turubai, wala si juu ya udongo mtupu. Ikianguka yote chini, yatiwe guniani, na magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta.