KITABU NA KIJITABU

Mwezi huu twataka kuyapambanua maneno mawili tuyatumiayo kila siku. Huenda mtu akasema, "Ni jambo dogo." Lakini mwalimu aandikaye kuagiza vitabu hamsini, hali ahitaji vijitabu hamsini, atapokea asivyovitaka na kudaiwa fedha asizokuwa nazo. Neno lisilopimwa huleta hasara.

Kwanza, tutazame asili. Neno "kitabu" limetoka katika Kiarabu, na huko "ki" ni sehemu ya neno lenyewe, wala si alama ya udogo. Waswahili walilipokea wakalifananisha na kiti na kisu. Kwa hiyo twasema vitabu, kama viti na visu. Basi mtu asidhani kwamba akiondoa "ki" atapata kitabu kikubwa: atapata tabu! Tukitaka kuonyesha udogo twatia "ji" katikati: kikapu, kijikapu, kitabu, kijitabu.

Pili, kipimo. Udogo huo waanzia wapi? Mwaka 1964 shirika la UNESCO lilitoa kipimo kwa ajili ya kuhesabu machapisho ya nchi mbalimbali. Chapisho lisilo gazeti, lenye kurasa 49 au zaidi, ni kitabu. Lenye kurasa 5 hata 48 ni kijitabu. Jalada halihesabiwi. Na hapa pia yatupasa kuangalia neno: ukurasa ni upande mmoja tu wa karatasi. Karatasi 24 zilizochapwa pande zote mbili ni kurasa 48, nacho ni kijitabu. Ahesabuye karatasi na kuziita kurasa amekosa kwa nusu nzima.

Tatu, neno moja laweza kuwa na maana mbili. Kitabu cha Obadia kina sura moja na aya 21 tu, nacho chaenea katika kurasa chache sana. Hata hivyo twakiita kitabu, wala hatukosei. Maana hapo hatusemi juu ya karatasi zilizoshonwa pamoja, bali juu ya maneno ya nabii yaliyo kamili peke yake. Kadhalika Biblia ni kitabu kimoja mkononi, na ndani yake mna vitabu 66. Kabla ya kubishana, tuulizane kwanza: wasema juu ya kitu, au juu ya maneno yaliyomo?

Nne, udogo si unyonge. Twajua kwamba mtu akiitwa "kijitu" ametukanwa. Lakini "kijitabu" si tusi. Mwaka 1529 Martin Luther alitoa Katekisimo mbili, Kubwa na Ndogo. Ile Ndogo aliifupisha kwa makusudi, kwa kuwa alikuwa amezuru makanisa ya Saxony akaona jinsi watu walivyokosa mafundisho ya kwanza. Ufupi wake ndio uliowawezesha watu wa nyumbani kuishika kwa moyo.

Basi tuandikapo barua ya kuagiza, tutaje jina la chapisho, hesabu ya nakala, na kama ni kitabu au kijitabu. Tukiandika hivyo, yeye apokeaye hatalazimika kubahatisha.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini "ki" ya kitabu si alama ya udogo?
2. Karatasi 30 zilizochapwa pande zote mbili ni kitabu au kijitabu?
3. Kwa maana gani Obadia ni kitabu?