Wafumi wa Lancashire na Mitambo ya Pamba

Baada ya mwaka 1830 nguo iliyopendwa mno katika soko la Unguja iliitwa merikani. Ilikuwa nguo ngumu ya pamba, isiyotiwa rangi, nayo ilipata jina lake kwa sababu ililetwa na merikebu za Marekani kutoka viwanda vya Massachusetts. Wapagazi waliichukua mpaka bara, mizigo kwa mizigo, na njiani ilipimwa kwa mkono ikatumika kama fedha ya kununulia chakula. Ikafika hata nchi kama Ufipa, ambako watu walijua kufuma nguo zao kwa pamba ya mashamba yao wenyewe. Nguo za kigeni zikazidi kuingia mwaka hata mwaka, na mwisho kazi ya wafumi wa huko ikafifia.

Jambo hili lataka kufikiriwa. Mfumi wa Ufipa alikuwa na pamba karibu na mlango wake, lakini nguo ya Marekani ilivuka bahari kuu, ikachukuliwa vichwani kwa miezi. Iliwezekanaje nguo ya mbali kuishinda nguo ya karibu? Jibu lake latoka katika jimbo la Uingereza liitwalo Lancashire. Huko ndiko mitambo ya pamba ilikokua, na Wamarekani wakaiga. Na kabla ya wafumi wa Ufipa, wafumi wa Lancashire wenyewe walikwisha kuonja uchungu wake.

1. Kazi ya nyumbani

Karibu na mwaka 1750 wafumi wengi wa Lancashire walifanya kazi nyumbani mwao. Kitanda cha mfumi kilikaa chumbani. Watoto waliichambua pamba na kuichana, mke akasokota nyuzi, na mume akatanda mtande na kupitisha mshindio. Mfanya biashara aliwaletea pamba, akarudi baada ya siku kadha wa kadha kuchukua nguo na kulipa ujira. Wengine walikuwa na bustani ndogo au ng'ombe mmoja wa maziwa.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Watoto walitumikishwa tangu udogo wao, na bei ya nguo iliposhuka nyumba nzima ililala na njaa. Walakini mfumi alikuwa bwana wa saa zake. Akitaka kupumzika Jumatatu alipumzika, kisha akakesha Ijumaa ili amalize. Hapakuwa na mtu wa kumpigia kengele.

2. Mitambo yatokea

Mwaka 1733 John Kay, mtu wa mji wa Bury, alibuni njia ya kurusha upesi kile kijiti kipitishacho mshindio. Basi mfumi mmoja akaweza kufuma nguo nyingi kuliko zamani, hata wasokotaji wakashindwa kumtosheleza kwa nyuzi. Kwa hiyo watu walitafuta njia ya kusokota kwa haraka. Karibu na mwaka 1764 mfumi mmoja, James Hargreaves, akaunda mashine iliyosokota nyuzi nane kwa mara moja. Majirani waliogopa kunyang'anywa kazi. Mwaka 1768 wakazivunja mashine zake, naye akahamia mji wa Nottingham.

Mashine ya Hargreaves iliweza kukaa nyumbani. Iliyofuata haikuweza. Richard Arkwright alizaliwa katika mji wa Preston mwaka 1732, mtoto wa mwisho katika watoto 13, akafanya kazi ya kinyozi na ya kutengeneza nywele za bandia. Mwaka 1769 alipata hati ya serikali ya kuilinda mashine yake ya kusokota, watu wengine wasiiige. Mashine hiyo ilikuwa nzito kupita nguvu za mkono, ikahitaji kuzungushwa kwa gurudumu la maji. Basi mwaka 1771 Arkwright na wenzake wakaanza kiwanda kikubwa penye maji ya Cromford, katika jimbo la Derbyshire. Tangu hapo haikuwa kazi kuwafuata watu nyumbani kwao, bali watu kuifuata kazi ilipo.

Baadaye mtambo wa mvuke wa James Watt ulitengenezwa hata ukaweza kuzungusha magurudumu ya viwanda. Mvuke watoka katika maji yachemshwayo kwa makaa ya mawe, wala hauhitaji mto wenye nguvu. Kwa hiyo viwanda viliondoka mabondeni, vikajengwa mijini karibu na makaa, na karibu na watu wengi watakao kazi. Mwaka 1785 kasisi mmoja, Edmund Cartwright, alipata hati kwa kitanda cha kufumia kiendeshwacho na mtambo. Mwanzo kilikuwa kibaya, lakini mafundi wengine walikitengeneza miaka mingi mpaka kikafaa.

3. Kengele ya kiwanda

Mtambo wa mvuke hauchoki. Tajiri aliyeununua kwa fedha nyingi hakutaka kuuona umesimama. Basi kengele ililia kabla ya mapambazuko, na watu wakafanya kazi saa 12, au 13, au hata 14 kwa siku. Aliyechelewa alikatwa ujira wake. Hewa ilikuwa ya moto na yenye unyevu ili nyuzi zisikatike, na vumbi la pamba liliingia vifuani na kuleta kikohozi.

Wenye viwanda walipenda kuajiri wanawake na watoto, maana ujira wao ulikuwa mdogo. Watoto waliunga nyuzi zilizokatika, na walio wadogo zaidi walitambaa chini ya mashine kuzoa pamba iliyoanguka, huku mashine zikienda. Wengine walikuwa yatima waliopelekwa viwandani kutoka miji ya mbali, hata London. Mwaka 1832 halmashauri ya Bunge, chini ya Michael Sadler, iliwaita wafanya kazi watoe ushuhuda. Watu wazima walisimama mbele yake wakiwa na miguu iliyopindika, wakaeleza jinsi walivyosimamishwa kazini tangu utoto wao.

4. Wafumi wa mikono

Mwanzoni mfumi wa nyumbani hakupata hasara. Nyuzi zilikuwa tele na rahisi kwa sababu ya mitambo ya kusokota, nao wafumi walitafutwa kila mahali. Vijana wengi wakajifunza kazi hiyo. Mwaka 1805 mfumi hodari aliweza kupata zaidi ya shilingi 20 kwa juma.

Lakini wafumi walizidi kuwa wengi, na vitanda vya mvuke vikaja juu yao. Hata mwaka 1830 ujira wao ulikuwa umeshuka, ukawa kama shilingi 6 kwa juma. Mtu yule yule, kwa mikono ile ile na ustadi ule ule, alifanya kazi saa nyingi kuliko zamani, asiweze kuwalisha watoto wake. Mbona hakuingia kiwandani? Kiwanda kilitaka zaidi wanawake na vijana. Tena mtu aliyekuwa bwana wa saa zake aliona uchungu kuitika kengele. Mara nyingi binti zake walikwenda kiwandani, na baba akabaki nyumbani penye kitanda chake, akila chakula kilichonunuliwa kwa ujira wa wanawe.

Wengine walishika nyundo. Mwaka 1811 wafanya kazi wa Nottingham na vijiji vyake walianza kuvunja mashine za kufumia soksi usiku, na mwaka 1812 fujo hiyo ilienea Yorkshire na Lancashire. Bunge likatoa sheria kwamba mvunja mashine aweza kuhukumiwa kufa. Mnamo Januari 1813 watu 17 walinyongwa mjini York.

Watu hao mara nyingi wamechekwa kama wajinga waliochukia maendeleo. Lakini hawakuchukia kila chombo kipya. Waliona kwamba faida ya mtambo yaenda upande mmoja na hasara upande wa pili. Hata hivyo faida ilikuwapo. Nguo za pamba zilikuwa rahisi sana, hata mtumishi maskini akaweza kununua nguo ya kubadili na kuifua. Mambo hayo mawili yalikuwa kweli pamoja.

5. Mji wa Manchester

Mwaka 1801 mji wa Manchester ulikuwa na watu kama 75,000. Mwaka 1851 walikuwa zaidi ya 300,000. Walitoka vijijini, na wengi walitoka Ireland kwa sababu ya umaskini. Mwaka 1830 reli ilifunguliwa kati ya Manchester na bandari ya Liverpool, na pamba ikaanza kufika kwa gari la moshi.

Nyumba zilijengwa haraka, zikashikana migongo bila dirisha la nyuma, na watu wengi walikaa katika vyumba vya chini ya ardhi. Maji safi yalikuwa haba, taka zilitupwa njiani, na moshi wa viwanda ulifunika jua. Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia mjini kikaua mamia ya watu.

Mwaka 1842 Edwin Chadwick alitoa taarifa juu ya afya ya wafanya kazi. Alihesabu umri wa watu walipokufa, akaona kwamba kwa jamaa za wafanya kazi wa Manchester umri wa wastani ulikuwa miaka 17 tu. Katika Rutland, jimbo la mashamba, jamaa za wafanya kazi walifikia miaka 38. Na mabwana wa Manchester, walioishi penye nafasi na maji mazuri, walifikia 38 pia. Maana yake si kwamba kila mfanya kazi alikufa kijana wa miaka 17, bali watoto wachanga walikufa wengi mno, wakaishusha hesabu yote. Hivyo bwana wa mjini aliweza kutumaini umri sawa na wa maskini wa shamba, na maskini wa mjini hakufikia nusu yake.

6. Matabaka mapya

Hapo zamani wakuu wa Uingereza walikuwa wenye ardhi, na chini yao wakulima, mafundi na vibarua. Mitambo ilileta tabaka jipya la wenye viwanda, wenye mabenki na wafanya biashara wakubwa. Arkwright, yule kinyozi, alipewa cheo na Mfalme mwaka 1786, akafa tajiri mwaka 1792. Lakini waliopanda kama yeye walikuwa wachache. Wengi waliingia katika tabaka jingine, la watu wasio na shamba wala chombo, wenye mikono yao tu ya kuuza kwa ujira.

Matabaka hayo yalikaa mji mmoja pasipo kuonana. Friedrich Engels, Mjerumani, mwana wa mwenye kiwanda, alifika Manchester mwaka 1842. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1845 alieleza kwamba tajiri aliweza kwenda kazini kila siku asizione kamwe nyumba za maskini, kwa kuwa maduka ya njia kuu yalizificha.

Tena palikuwa na watu wasioonekana kabisa. Pamba nyingi ya Lancashire ililimwa na watumwa wa asili ya Afrika katika majimbo ya kusini ya Marekani, na viwanda vilipozidi kutaka pamba, utumwa huo ulizidi kukua. Haukukomeshwa mpaka mwaka 1865.

7. Sheria na ushirika

Manchester, pamoja na ukubwa wake, haukuwa na mjumbe wake katika Bunge. Tarehe 16 Agosti 1819 watu kama 60,000 walikusanyika mjini kwa amani kudai haki hiyo. Askari wa farasi wakawaingilia kwa panga, na watu wasiopungua 15 wakafa. Mwaka 1832 mji ulipewa wajumbe, lakini walioruhusiwa kuwachagua ni wenye mali. Wafanya kazi wengi wa mijini walingoja mpaka mwaka 1867.

Hata hivyo habari za watoto ziliwachoma watu mioyo. Sheria ya mwaka 1833 ilikataza watoto walio chini ya miaka 9 wasiajiriwe katika viwanda vingi vya nguo. Wale wa miaka 9 mpaka 13 wasizidi saa 9 kwa siku, nao wapewe masomo. Na wakaguzi wanne wakawekwa. Sheria zilizotangulia zilidharauliwa kwa kukosa wakaguzi. Mwaka 1847 sheria nyingine iliweka saa 10 kwa siku kwa wanawake na vijana.

Wafanya kazi nao walijisaidia. Mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale, baadhi yao wafumi, walichanga pauni moja moja. Tarehe 21 Desemba walifungua duka dogo, wakauza unga, siagi na sukari kwa kipimo cha haki, na faida wakagawana kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Kutoka duka hilo kanuni za ushirika zilienea ulimwenguni. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, walikuwa katika njia ile ile.

Hivyo mtambo ulishusha bei ya nguo kwa muda mfupi, lakini haukuleta wenyewe saa za kupumzika, wala maji safi, wala shule. Hayo yalipatikana polepole, kwa watu waliotoa ushuhuda, waliodai sheria, na waliochanga pauni moja moja. Yalipofika, wengi katika wafumi wa mikono walikuwa wamekwisha kufa katika umaskini wao.

Maswali

1. Kwa nini mashine ya Arkwright haikuweza kukaa nyumbani kwa mfumi?
2. Mtambo wa mvuke uliviwezeshaje viwanda kuhamia mijini?
3. Ujira wa mfumi wa mikono ulibadilikaje kati ya mwaka 1805 na 1830? Eleza sababu zake.
4. Hesabu za Chadwick zaonyesha nini juu ya maskini na matajiri wa Manchester?
5. Sheria ya mwaka 1833 ilikuwa na nini ambacho sheria zilizotangulia hazikuwa nacho?
6. Je, waliovunja mashine walikuwa na haki ya kulalamika? Je, walichagua njia njema? Toa sababu zako.