Konrodi na pistoni za injini mbili tofauti

Swali: Katika kufunga upya Land Rover Series III ya petroli ya lita 2.25 mjini Singida, je, konrodi na pistoni za injini nyingine zinaweza kuchanganywa?

Jibu: Zinaweza, mradi vipenyo vya pini ya pistoni na vya matundu ya konrodi vioane, na urefu ukubali. Urefu ndio unaoponza wengi. Urefu wa konrodi, kimo cha pistoni kutoka katikati ya pini hadi kichwani, na nusu ya mwendo wa pistoni, vikijumlishwa, havipaswi kuzidi kimo cha bloku.

Injini ya lita 2.25 ina silinda za milimita 90.47 na mwendo wa milimita 88.9. Ile ya lita 2.5 iliyoirithi ina silinda za kipenyo kilekile, lakini mwendo wake ni milimita 97. Krenki ya injini hiyo ya lita 2.5 ikifungwa na konrodi na pistoni za zamani, pistoni hupanda milimita 4.05 zaidi na huweza kugonga hedi.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, udongo laini hubandikwa juu ya pistoni, hedi hurudishwa, na krenki huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili. Udongo ukikatwa, unene wake huonyesha nafasi iliyobaki.

Konrodi na pistoni hupimwa pia uzito. Zikitofautiana, injini hutetemeka na beringi huchakaa mapema. Kofia ya konrodi hairuhusiwi kuhamishiwa konrodi nyingine. Mgandamizo nao ukizidi kwa sababu ya kuchanganya konrodi na pistoni, injini hugonga ikiwa na mzigo, kama inapopanda Mlima Sekenke.