Samaki wa Ziwa Masoko: Mbegu au Udongo?

Kusini mashariki ya mji wa Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe, liko ziwa dogo la mviringo liitwalo Masoko, au Kisiba. Asili yake ni shimo lililochimbwa na mlipuko wa volkano yapata miaka 50,000 iliyopita, kisha likajaa maji. Upana wake ni kama mita 700, na kina chake chapita mita 30. Hakuna mto uingiao humo wala utokao. Basi samaki waliofika humo zamani wamekaa kama watu waliotengwa kisiwani.

Mmoja wao ni samaki mdogo wa jamii ya furu, ndugu wa perege, ambaye jina lake la kitaalamu ni Astatotilapia calliptera. Katika ziwa hili yuko wa namna mbili. Karibu na ufuko, madume wana rangi ya manjano. Kwenye kina cha mita 20 na zaidi, penye mwanga hafifu, madume wana rangi ya buluu. Taya zao, meno yao na vyakula vyao pia vimetofautiana. Mwaka 2015 watafiti wa Tanzania na Uingereza walieleza katika jarida la Science kwamba makundi haya mawili yameachana kwa muda usiozidi miaka 1,000 hivi. Kwa viumbe, huo ni muda mfupi mno.

Hapo ndipo linapozuka swali la somo letu. Je, tofauti hizi samaki huzaliwa nazo, au huzipata kutokana na maji anamokulia?

Mkulima wa Rungwe hulijua swali hili. Akiona viazi vya jirani vimestawi kuliko vyake, hawezi kujua kama sababu ni mbegu au ni udongo. Njia ya kupata hakika ni moja: kupanda mbegu zote mbili katika shamba moja, siku moja, kwa mbolea ile ile. Kwa samaki, shamba hilo ni tangi la kioo.

Namna ya kufanya jaribio

Kwanza, samaki wavuliwe wakiwa hai. Wale wa kina kirefu wasivutwe juu kwa haraka, kwa sababu kibofu chao cha hewa hutanuka kadiri kanieneo ya maji inavyopungua, na samaki huweza kufa.

Pili, kila kundi liwe na matangi yake, wala si tangi moja tu. Maana tangi moja likiharibika, hatutajua kama lililotokea lilitokana na samaki au na tangi. Maji, joto, mwanga, chakula na idadi ya samaki viwe sawa kotekote. Katika kila tangi awekwe dume mmoja na majike kadhaa, pamoja na mawe ya kujifichia, kwa kuwa dume hulinda eneo lake kwa ukali.

Tatu, makundi yasichanganywe. Jike aliyefungiwa mahali pembamba hana nafasi ya kuchagua mume, na watoto wa mchanganyiko watalivuruga jaribio lote.

Samaki huyu huatamia mayai kinywani. Jike huyachukua mara anapoyataga, akakaa nayo na vifaranga kwa muda wa wiki mbili au tatu. Wakati huo aachwe atulie. Vifaranga wakitoka, walishwe chakula laini, na sehemu ya maji ibadilishwe mara kwa mara ili uchafu usiwadhuru. Kila jambo liandikwe katika daftari: tarehe, mzazi, tangi.

Jambo moja lahitaji uangalifu. Mayai ya kizazi cha kwanza huenda yalianza kukomaa mwilini mwa mama angali ziwani. Kwa hiyo kizazi cha pili, ambacho wazazi wake wenyewe wamezaliwa katika tangi, hutoa ushahidi ulio na nguvu zaidi.

Jibu lililopatikana

Watafiti waliwalea samaki wa Masoko kwa njia ya shamba moja, wakachunguza alama za kikemia zilizobandikwa juu ya jeni, ambazo husaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Sehemu kubwa ya alama hizo hubadilika upesi toka kizazi hadi kizazi. Lakini nyingine zinazotofautisha makundi haya mawili zaweza kurithiwa. Nazo jeni zenyewe hazijatengana kikamilifu: haijaonekana tofauti hata moja ambayo samaki wote wa kundi moja wanayo na wa kundi la pili wote hawana. Jibu basi si mbegu peke yake, wala si udongo peke yake.

Mambo haya yana maana gani kwetu? Yana maana kwamba katika Masoko tunaweza kuona jamii mbili za viumbe zikiwa njiani kuachana, na safari hiyo haijakwisha. Safari isiyokwisha yaweza kukatizwa. Katika Ziwa Viktoria, sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 alichangia sana kutoweka kwa aina nyingi za furu katika miaka ya 1980. Perege wa kigeni nao wamekwisha kuenea katika mito na maziwa mengi ya Tanzania. Ziwa lenye upana wa mita 700 halina pa kukimbilia.

Kwa hiyo mwenye kufuga samaki, awe mtafiti, mwalimu au mwenye bwawa, asithubutu kumwaga ziwani samaki aliyemlea, hata kama wazazi wake walitoka humo humo. Tangi hutufundisha jinsi samaki wa Masoko walivyo, lakini haliwezi kuwarudisha wakishapotea.