Moyo wa Mtoto Nao Huugua

Hapa Bunia mtoto akichemka mwili tunawaza malaria, na mara nyingi ni kweli. Lakini virusi vinavyoleta mafua au kuhara vinaweza kuingia katika nyama ya moyo ikavimba. Moyo wa namna hiyo husukuma damu kwa shida, na mapigo yake huvurugika.

Mama, mwangalie anaponyonya. Mtoto mwenye moyo mgonjwa hushika titi, huvuta kidogo, huliachia akihema, jasho likimtoka kwenye paji la uso hata kama hakuna joto. Mikono na miguu huwa baridi, na ngozi hupauka. Aliye mkubwa kidogo hulalamikia tumbo, hutapika, au huzimia akicheza.

Akitulia, weka kiganja upande wa kushoto wa kifua chake, uhesabu mapigo dakika nzima kwa saa ya simu. Aliye chini ya mwaka mmoja huwa na mapigo kama 100 hadi 160. Homa huyapandisha, nayo ikishuka hushuka. Yakibaki juu mwili ukishapoa, au yakienda mbio hata usiweze kuyahesabu, au yakiwa ya polepole mno, usingoje kuche. Mpeleke hospitali.

Ukifika, mweleze muganga ulichoona, wala usimshinikize atundike serumu. Maji mengi yakiingia haraka mshipani hujaa kwenye mapafu ya mtoto ambaye moyo wake umechoka, na huweza kumuua. Kinini iliyobaki nyumbani usimpe pia, huvuruga mapigo.

Dondakoo nalo hushambulia moyo. Kinga yake ni chanjo za wiki ya 6, 10 na 14.

Kwa wenye miaka 5 hadi 15, tazameni koo. Maumivu ya koo yanayotokana na bakteria, yasipotibiwa, huweza kuzaa homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Bakteria hao huenea wanapolala watu wengi chumba kimoja, kama katika kambi za wakimbizi wa vita hapa mjini. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia kwa miaka 2 watoto 818 ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuharibika. Matokeo yalitoka mwaka 2021: kati ya waliodungwa penisilini kila wiki 4, ugonjwa ulizidi kwa watoto 3, kati ya wasiodungwa, 33.

Mtoto wako akiandikiwa sindano hizo, asikose hata moja, hata akionekana mzima.