Kompyuta ya mtumba: ikague kabla ya kununua nyingine

Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo wa uendeshaji uliozinduliwa Julai 2015 na ambao bado umo katika kompyuta nyingi za nyumbani, za vikundi na za saiba. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka, zinachapisha, zinafungua eCitizen na kujaza ritani za KRA kama kawaida. Kilichobadilika hakionekani kwa macho: kasoro mpya ikigunduliwa katika mfumo huo hubaki wazi, na wadukuzi wanajua hakuna anayeiziba.

Ushauri ambao wakaazi wengi wanapewa dukani ni mmoja tu, nunua nyingine. Kwa mzazi anayelipa karo, au kikundi cha akina mama chenye mashine moja inayobeba daftari la michango ya miaka kadhaa, huo ni mzigo mkubwa. Mara nyingi pia si wa lazima. Makala haya yanaeleza namna ya kujua hali halisi ya kompyuta, kipi kinaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo, na kipi hakifai kuguswa.

Soma nambari, usisome kibandiko

Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa nchini huja na kibandiko cha "Core i5" au "Core i7", na muuzaji hutaja maneno hayo kana kwamba ndiyo bei yenyewe. Hayatoshi. Kampuni ya Intel imekuwa ikitengeneza prosesa za Core i5 tangu 2009, kwa hivyo i5 moja inaweza kuwa na umri wa kuizidi nyingine kwa miaka kumi.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Katika orodha itakayofunguka, tafuta mstari wa prosesa. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 6, ndiyo inayotaja kizazi: hiyo ni prosesa ya kizazi cha sita. i5-8250U ni ya kizazi cha nane. i5-10210U ni ya kumi, kwa kuwa hapo tarakimu mbili za kwanza ndizo zinazohesabiwa.

Tofauti ya sita na nane inaonekana ndogo lakini ndiyo inayoamua. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubali rasmi kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache mno za kizazi cha saba, na inahitaji pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mwenye kompyuta ya kizazi cha nane anaweza kupanda hadi Windows 11 bila kulipa chochote, mradi Windows 10 aliyo nayo ni halali. Mwenye kizazi cha sita hawezi, na fundi anayemwahidi kwamba atailazimisha ikubali anamwachia mashine ambayo Microsoft haijajifunga kuipa masasisho.

Anayenunua leo aulize nambari hiyo kabla ya kuuliza bei. Muuzaji asiyetaka kompyuta iwashwe mbele ya mteja ameshajibu swali.

Kwa asiyeweza kupanda, Microsoft ilitangaza nyongeza ya muda: masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026 kwa watu binafsi wanaojiandikisha. Kompyuta sharti iwe na toleo la 22H2, ambalo huonekana ukiandika winver mahali ulipoandika msinfo32, na mwenyewe awe na akaunti ya Microsoft. Ipo njia ya kujiandikisha bila malipo kwa anayekubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe katika akaunti hiyo. Nafasi ya kujiandikisha hupatikana kwenye mipangilio, sehemu ya masasisho.

Inakwama wapi?

Lalamiko kubwa kuhusu kompyuta kuukuu huwa ni uzito. Mtu anaiwasha, anaenda kuchemsha chai, anarudi na bado kiduara kinazunguka. Wengi husema prosesa imechoka. Prosesa haichoki namna hiyo. Ile iliyofanya hesabu fulani kwa sekunde moja mwaka wa 2016 inaifanya kwa sekunde moja hata sasa, iwapo haijazidiwa na joto. Mara nyingi kinachokwamisha ni diski.

Diski ya mtindo wa zamani ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika katika vipakatalishi, na kidole chembamba kinachosogea juu yake kutafuta data. Kikitakiwa kusoma faili moja kubwa iliyopangwa mfululizo, kinajitahidi. Taabu ni kwamba Windows inapowaka huhitaji maelfu ya vijifaili vilivyotawanyika kila upande, na kidole hicho lazima kisafiri, kisubiri sahani izunguke, kisome, kisafiri tena. Diski kama hiyo humudu safari zisizozidi mia moja au mia mbili kwa sekunde. Diski ya SSD haina sahani wala kidole. Data imo ndani ya vipande vya saketi, na inaweza kujibu maombi kama hayo kwa maelfu mengi katika sekunde iyo hiyo. Ndiyo maana kompyuta ya miaka kumi iliyobadilishwa diski huwaka kwa muda mfupi huku ya jirani, yenye prosesa mpya zaidi lakini diski ya sahani, ikiendelea kuguna.

Usinunue chochote kabla ya kuthibitisha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka lina safu zinazoonyesha asilimia ya prosesa, memori na diski inayotumika. Iache kompyuta ikae dakika kumi baada ya kuwaka, kisha itazame wakati unapofungua kivinjari na barua moja. Diski ikiganda kwenye asilimia 100 huku memori ikiwa na nafasi, umempata mhalifu. Memori ikiwa imejaa karibu kabisa, hesabu inabadilika: kompyuta iliyokosa memori huanza kuitumia diski kama ghala la dharura, kwa hivyo safu zote mbili hupanda, na kuongeza SSD peke yake kutapunguza maumivu bila kuondoa ugonjwa. GB 4 za memori ndicho kiwango cha chini cha Windows 11 kwenye karatasi. Kwa mwanafunzi anayefungua kurasa tano na video ya somo, 8 ndizo zinazotosha.

Memori yenyewe hainunuliwi kwa kukisia. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Pengo lililo kwenye kipande limekaa mahali tofauti. Baadhi ya vipakatalishi vyembamba vina memori iliyochomelewa kwenye bodi, na hivyo haviongezwi kitu. Njia salama ni kuenda dukani na kipande kilichotolewa, au na jina kamili la modeli lililoandikwa chini ya mashine.

Nakala kwanza, bisibisi baadaye

Kabla fundi hajafungua skrubu hata moja, faili ziwe zimenakiliwa kwingine. Sentensi hii inastahili kurudiwa kwa sababu diski inayoifanya kompyuta iwe nzito huenda ndiyo hiyo hiyo inayoelekea kufa. Ukiisikia ikitoa sauti ya kugonga, tik, tik, tik, izime. Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa inakwaruza picha za harusi na kumbukumbu za chama. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo husoma ripoti ambayo diski huandika kujihusu: buluu ni salama, manjano ni onyo, nyekundu ni hatari. Diski iliyofika manjano inakiliwe siku hiyo hiyo, faili muhimu kwanza, mengine baadaye.

Kanuni inayotumiwa na watunza kumbukumbu ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Kwa katibu wa kikundi hiyo inaweza kuwa kompyuta yenyewe, flashi iliyo kwa mweka hazina, na akaunti ya mtandaoni. Leja ya kikundi haizidi megabaiti chache. Kuituma kwa barua pepe kila mwisho wa mwezi hakumalizi bando ya mtu.

Flashi ina mtego wake. Sokoni kuna flashi zinazodai kubeba TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake huwa na GB chache tu, na chipu iliyofundishwa kudanganya kompyuta. Zikijaa, faili mpya huandikwa juu ya za zamani bila onyo lolote, majina yote yakiendelea kuonekana kwenye orodha. Mwenye flashi hugundua siku anayohitaji kufungua faili. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux, huijaza flashi nzima kisha kusoma tena kilichoandikwa, na udanganyifu hujitokeza. Ijaribiwe ikiwa tupu, na risiti iwe mkononi.

Baada ya nakala, kubadilisha diski ni kazi ya chini ya saa moja kwa fundi anayejua. Kama diski ya zamani ni nzima, kila kitu kinaweza kuhamishwa jinsi kilivyo kwa programu ya bure kama Clonezilla. Kama inaugua, ni heri kusakinisha mfumo upya na kurudisha faili peke yake. Chomoa chaja, tenganisha betri, na gusa chuma ili kuondoa umeme uliokaa mwilini. Ukiwa umefungua, safisha vumbi kwenye feni, huku umeishikilia isizunguke. Lami ya kupitisha joto juu ya prosesa hukauka kwa miaka, na kompyuta inayozima yenyewe mchana wa jua mara nyingi haitaki zaidi ya hiyo kupakwa upya.

Ikiwa Windows imekataa

Kuna njia ya tatu, nayo ni Linux. Si mfumo wa wataalamu pekee kama inavyodhaniwa. Linux Mint, iliyoanza 2006, ina mpangilio wa skrini ambao aliyezoea Windows ataufahamu siku ya kwanza. Ni ya bure na hupata masasisho ya usalama hata kwenye mashine ambazo Windows 11 imezifungia mlango. Huja na LibreOffice ya kuandika barua na kupiga hesabu, na hufungua faili nyingi za Word na Excel, ingawa mpangilio wa hati iliyopambwa sana unaweza kusogea kidogo. Kinachotendeka ndani ya kivinjari, kama eCitizen, iTax au masomo ya mtandaoni, hutendeka pia huko. Anayetegemea programu maalumu iliyoundwa kwa Windows tu, kwa mfano ya uhasibu au ya mashine ya kushona nembo, aulize kwanza.

Uzuri ni kwamba haihitaji imani. Mfumo huo huwekwa kwenye flashi ya GB 8, kompyuta ikawashwa kutoka kwenye flashi, na mtu akaujaribu, intaneti na sauti na printa, bila kugusa chochote kilicho kwenye diski. Asipoupenda, anachomoa flashi na kuwasha upya.

Chaja na betri

Volti za chaja lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye kompyuta. Ampea zinaweza kuwa sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Betri iliyofura, hata kama bado inahifadhi chaji, itolewe na fundi na isitobolewe, isikandamizwe wala kutupwa kwenye moto au jalala. Ndani yake kuna kemikali zinazoshika moto.

Ukiamua kuiuza

Kufuta faili na kumwaga pipa la taka hakuziondoi kwenye diski. Kompyuta husahau tu zilipo, na programu za kurejesha faili huzifufua kwa dakika chache. Kwa mtu binafsi, hapo kuna nakala ya kitambulisho, cheti cha PIN na nywila zilizohifadhiwa na kivinjari. Kwa shule, zahanati au chama, kuna taarifa za watu wengine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayezishika azilinde.

Windows 10 na 11 zina uwezo wa kurejesha kompyuta upya kwa kuondoa kila kitu, na ndani yake kuna chaguo la kusafisha diski. Chaguo hilo huwa limezimwa. Liwashwe, hata kama kazi itachukua saa kadhaa. Kisha, kwenye simu, fungua WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na uondoe kompyuta hiyo. Fanya vivyo hivyo kwenye akaunti ya Google. Diski iliyokufa isiyoweza kusafishwa itolewe, na mnunuzi apewe mashine bila diski.